Ukataji wa Misitu na Haki ya Maskini
Mada kwa viongozi wa walei wa Karagwe na Kyerwa



Waheshimiwa makatekista, wenyeviti wa halmashauri za walei za parokia na vigango, viongozi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA, nanyi vijana wa VIWAWA: ninawashukuru kwa kunialika.

Mmeniomba nizungumze juu ya madhara ya ukataji wa misitu na njia za kuupunguza. Nilipopata barua yenu nilijiuliza kwa nini hamkumwita Bwana Misitu wa wilaya, ambaye angewaeleza mambo haya kwa utaalamu kuliko mimi. Lakini walioandika barua ni Tume ya Haki na Amani. Nikaelewa kwamba swali lenu ni la haki: nani anaufaidi msitu unapokatwa, na nani analipa gharama yake? Swali hilo padri hana budi kulijibu, na leo nitalijibu nikianza na nyumba yangu mwenyewe.

Nitafuata njia mliyoizoea katika jumuiya zenu: kuona, kuamua na kutenda.

SEHEMU YA KWANZA: KUONA

1. Tulikotoka

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka nchi hii ilivyokuwa. Kibanja kilizunguka nyumba, migomba na mibuni ikikua chini ya kivuli cha omutoma na omushambya. Nje ya kibanja palikuwa na nyasi za malisho, na ng'ombe walioshiba nyasi hizo walirudisha samadi kwenye migomba. Mabondeni na kwenye miteremko mikali palikuwa na msitu, na chini ya msitu chemchemi. Mambo hayo manne, yaani kibanja, malisho, msitu na maji, yalitegemeana. Ukiondoa moja, mengine matatu hudhoofika, hata kama hudhoofika polepole kiasi cha kutoonekana katika mwaka mmoja.

Baadaye watu tuliongezeka, na mashamba yakapanda milima. Hilo si kosa la mtu. Watoto ni baraka na wanahitaji kula. Lakini mwaka 1994 lilitokea jambo ambalo lilifanya katika miaka miwili kazi ambayo pengine ingechukua kizazi kizima.

2. Mwaka 1994 na somo lake

Mwezi Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipokuwa yakiendelea Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Wengine walivuka Mto Kagera na kuingia huku kwetu, na kambi zikafunguliwa Kagenyi, Kyabalisa, Omukariro na penginepo. Nilikuwa na umri wa miaka 14. Nakumbuka kilima kimoja ambacho tulizoea kuchuma matunda ya porini: kufika sikukuu ya Noeli hapakuwa na mti uliosimama, na mwaka uliofuata watu walikuwa wakichimba visiki na mizizi.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikadiria kwamba kambi za Mkoa wa Kagera zilitumia zaidi ya tani 1,200 za kuni kila siku. Hadi wakimbizi waliporudishwa kwao mwezi Desemba 1996, eneo la misitu la kilomita za mraba 570 lilikuwa limeathirika, na kati ya hizo kilomita za mraba 167 ziliharibiwa vibaya kabisa.

Ndugu zangu, ninawaomba tujihadhari na usemi ambao bado husikika vilabuni, kwamba "wakimbizi walimaliza nchi yetu." Wale walikuwa watu waliokimbia na watoto mgongoni. Walipewa mahindi makavu na maharage, vyakula vinavyochukua saa nyingi kuiva, na mwanzoni hawakupewa kitu cha kupikia. Ulimwengu ulihesabu chakula ukasahau moto. Je, mama aliyekuwa na maharage mabichi na mtoto mwenye njaa angefanya nini? Somo la 1994 ni kwamba mahali penye shida kubwa mti hauwezi kujilinda, na anayetaka kuulinda mti hana budi kwanza kumsaidia mtu anayeushika kwa panga.

3. Hali ya leo

Wakimbizi wale walirudi kwao, lakini ukataji haukwisha. Tangu mwaka 1996 mashoka yameshikwa na mikono yetu wenyewe. Nchi nzima iko katika hali hiyo. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 2015, ilionyesha kwamba Tanzania ina hekta milioni 48.1 za misitu, na kwamba kati ya mwaka 1995 na 2010 ilikuwa ikipoteza hekta 372,816 kila mwaka.

Hapa kwetu sababu zinajulikana na kila mmoja wenu. Ya kwanza ni kilimo kinachopanuka kwenye miteremko na mabondeni. Ya pili ni moto unaowashwa kiangazi ili nyasi changa zichipue, nao ukapanda mlima usikokusudiwa. Ya tatu ni kuni za nyumbani, za shule na za mitambo ya pombe. Ya nne ni tofali za kuchoma. Ya tano ni mkaa.

Kuhusu mkaa, naomba tufanye hesabu kidogo. Katika tanuri la asili, lile la kufukia magogo kwa udongo, kilo 1 ya mkaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni. Gunia la kilo 50, basi, limebeba ndani yake kilo 250 hadi 500 za mti. Lori lililobeba magunia 100 likipita barabarani usiku, limebeba kati ya tani 25 na tani 50 za msitu. Aliyechoma mkaa huo amepata fedha ya daftari na sabuni. Mwenye lori amepata zaidi. Kijiji kilichokuwa na msitu mara nyingi hakikupata hata senti.

4. Madhara

Madhara ya kwanza yako kwenye udongo. Majani ya miti hupunguza nguvu ya mvua, na mizizi hushika udongo. Mvua ikiupiga mteremko ulio uchi, maji hayapati nafasi ya kuzama. Hutiririka na kubeba udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Udongo huo huingia mitoni, kisha katika Mto Kagera, na Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayomimina maji yake katika Ziwa Viktoria. Rutuba tunayoipoteza huku huwa chakula cha gugumaji kule. Mvuvi wa ziwani ambaye hajapata kufika Kyerwa analipia makosa ya Kyerwa.

Madhara ya pili yako kwenye maji. Maji yasiyozama ardhini msimu wa mvua hayawezi kutoka kwenye chemchemi msimu wa kiangazi. Ndiyo maana mahali palipokatwa miti tunaona mambo mawili yanayoonekana kupingana: mafuriko bondeni mwezi Aprili, na ndoo zikipangwa foleni mwezi Agosti.

Madhara ya tatu yako kwenye kibanja chenyewe. Mgomba hupenda udongo wenye unyevu na matandazo mengi. Nyasi na majani yakikosekana, mgomba hudhoofika, na mgomba dhaifu hushambuliwa kwa urahisi zaidi. Tunakumbuka jinsi ugonjwa wa mnyauko ulivyotutesa tangu ulipoingia mkoani kwetu katikati ya miaka ya 2000. Sisemi kwamba mnyauko uliletwa na ukataji wa miti. Ni ugonjwa wa bakteria, unaoenezwa na wadudu na visu visivyosafishwa. Nasema kwamba familia ambayo migomba yake imekufa, na ambayo haina mti wa kuuza wala mti wa kuchanja kuni, haina pa kushika.

Madhara ya nne huwaangukia watu wasiohudhuria vikao vingi, na kwa sababu hiyo hayasemwi. Kuni zikiwa mbali, anayezifuata ni mama na binti. Muda anaotembea binti ni muda ulioibwa kwenye masomo yake. Akipitia vichakani peke yake, mnajua hatari zinazomngoja. Jioni, kuni zikiwa mbichi au zikiwa mabua tu, ni mama na mtoto mchanga mgongoni wanaovuta moshi wa jikoni. Na kama chakula kinachohitaji moto mrefu kinaachwa, ni maharage ambayo yangempa mtoto nguvu. Mti umekatwa mlimani, na utapiamlo umeonekana zahanati.

5. Kosa langu

Niliahidi kuanza na nyumba yangu. Nilipokuwa paroko kijana tulijenga kanisa la kigango kimoja, sitalitaja. Tulihitaji tofali nyingi, na waamini walijitolea kwa moyo mkubwa. Walifyatua, wakapanga tanuru mbili, kisha wakaniuliza kuni zitoke wapi. Karibu na chemchemi palikuwa na miti mikubwa, mitoma na mihumula, ambayo hakuna aliyejua nani aliipanda. Nikasema, "Ni kazi ya Mungu, ikateni." Nikaenda mwenyewe kubariki tanuru, na picha nilipiga.

Kanisa lilikwisha. Ni zuri, na linajaa Jumapili. Lakini kiangazi cha mwaka wa pili chemchemi ilitoa maji membamba kama uzi. Siwezi kuapa kwamba kila tone lililopungua lilipungua kwa sababu yangu, maana mvua ya mwaka ule nayo ilikuwa haba. Hata hivyo bibi mmoja mzee, mjane, mwenye kushika nafasi ya mbele kila misa, alinijia baada ya ibada akaniambia kwa sauti ya chini: "Baba, ule moto uliobariki ulikunywa maji yetu." Hakusema kwa hasira. Alichukua ndoo yake akaenda bonde la pili.

Tangu siku ile sijaweza kuzungumza juu ya misitu kama mtu anayewafundisha wengine. Tumepanda miti upya pale, na baadhi imekuwa mirefu kunizidi. Maji yamerudi kidogo, lakini si kama zamani. Yule bibi amekwisha kufariki. Hakuyaona.

SEHEMU YA PILI: KUAMUA

6. Mwanga wa imani

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, Mungu anamweka mtu bustanini kwa kazi mbili: ailime na aitunze. Mara nyingi tumeikumbuka ya kwanza tukaisahau ya pili. Katika Walawi, sura ya 25, Mungu anawaambia watu wake kwamba nchi ni mali yake na kwamba wao ni wageni wake. Mpangaji mwema haibomoi nyumba ya mwenye nyumba. Hata vitani, Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, inawakataza Waisraeli kukata miti ya matunda ya mji wanaouzingira. Kama jeshi lililo vitani liliwekewa mpaka, je, sisi tulio katika amani tukose mpaka?

Tukumbuke pia shamba la Nabothi katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Mfalme Ahabu alitaka shamba la mnyonge, na likapatikana kwa mashahidi wa uongo na mhuri wa kifalme. Uporaji wa ardhi na misitu hata leo mara nyingi huwa na mihuri na mashahidi. Nabii Eliya hakungoja kuitwa, alikwenda.

Mapapa wametuongoza katika jambo hili. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 1990, mwaka uleule alioitembelea Tanzania, aliunganisha amani kati ya watu na amani na viumbe vyote vya Mungu. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini hatuwezi kuvisikia kimoja tukakiacha kingine. Mafundisho haya yanatuonya dhidi ya makosa mawili: kuitetea miti kana kwamba maskini hayupo, na kumtetea maskini kana kwamba anaweza kuishi bila miti.

7. Haki iko wapi?

Kwa mwanga huo tutazame mambo tunayoyazoea. Mjane anakamatwa na mzigo wa kuni kichwani, anatozwa faini au ananyang'anywa panga lake. Lori la mkaa linapita kizuizini usiku huohuo. Je, sheria ni moja? Sisemi kwamba mjane aachiwe avunje sheria. Nasema sheria inayowaona wanaotembea kwa miguu tu haijawa haki.

Tutazame pia hifadhi. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda, Rumanyika na Burigi yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato. Ni jambo jema kwamba misitu na wanyama hao wanalindwa, tena moja ya hifadhi hizo inabeba jina la Mukama Rumanyika, aliyempokea msafiri Speke hapa Karagwe mwaka 1861. Lakini hifadhi ikilindwa vizuri na vijiji jirani visipewe njia nyingine ya kupata kuni na malisho, uzito wote huangukia misitu ya vijiji, ambayo haina askari. Kwa hiyo msitu wa kijiji ndio ulio hatarini zaidi leo, na huo uko mikononi mwetu.

SEHEMU YA TATU: KUTENDA

Ninapendekeza mambo sita. Hakuna hata moja linalongoja mfadhili.

8. Tuanze jikoni

Mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto la kuni. Jiko la udongo lililojengwa vizuri, lenye mlango mmoja wa kuni na lenye kubana moto chini ya sufuria, hupunguza kuni na moshi pia. Fundi hulijenga kwa udongo wa kichuguu, nyasi na maji. Hapa wilayani tuna shirika la MAVUNO, na tuna programu ya CHEMA iliyozaliwa ndani ya Kanisa. Pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin wamewahi kujaribu majiko ya aina mbalimbali yanayofaa jikoni kwetu, yakiwamo yale yanayotumia maranda ya mbao na mabaki ya shamba na kuacha makaa yanayofaa kurutubisha udongo. Maarifa yapo karibu, tuyafuate.

Serikali nayo ilizindua mwezi Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na imeziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Taasisi hizo ni pamoja na shule zetu za bweni na seminari zetu. Mtungi wa gesi bado ni mzito kwa mfuko wa mkulima wa kijijini, lakini seminari haiwezi kujificha nyuma ya umaskini wa mkulima. Kanisa litangulie.

9. Tupande mti unaofaa mahali panapofaa

Tusipande kwa kuhesabu miche tu. Mkaratusi hukua upesi, nao unafaa kwa nguzo na kuni ukipandwa mlimani, mbali na maji. Ukipandwa bondeni au juu ya chemchemi hunywa maji mengi, na tumeona mabonde yaliyokauka kwa namna hiyo. Kandokando ya maji turudishe miti ya asili: omutoma, omuhumula, omushambya. Ndani ya kibanja mgrevilea na omushambya huishi vizuri na mibuni, huipa kivuli, na baada ya miaka michache hutoa mbao na kuni kwa kupunguzwa matawi tu. Kwenye mipaka na kwenye makinga maji tupande miti ya malisho, ili mbuzi na ng'ombe wale nyumbani na samadi ibaki nyumbani.

Mfano tunao. Shirika la Vi Agroforestry la Sweden limefanya kazi na wakulima wa mkoa wetu kwa miaka mingi, na katika wilaya zetu hizi mbili ulianzishwa mradi uitwao Emiti Nibwo Bulora, yaani, miti ndiyo uhai. Mkulima huchora ramani ya shamba lake, huchagua mahali pa kupanda, hutia saini mkataba, na hulipwa kwa awamu kadiri miti yake inavyokaguliwa na kuonekana hai, kwa sababu miti hiyo huhifadhi hewa ya ukaa ambayo wanunuzi wa nchi nyingine wanailipia. Ni jambo la kutia moyo. Hata hivyo natoa angalizo la Tume ya Haki na Amani: mkataba wowote wa namna hii ni wa miaka mingi. Msitie saini karatasi msiyoielewa. Isomwe kwa sauti katika jumuiya, na yeyote asiyejua kusoma asaidiwe na mtu anayemwamini.

10. Tumpe mama haki ya kupanda

Katika desturi yetu, kupanda mti wa kudumu ni kudai ardhi. Kwa sababu hiyo wajane wengi huzuiwa na ndugu wa mume kupanda hata mti mmoja, wasije "wakajimilikisha kibanja cha ukoo." Tunawaambia wapande miti, kisha tunawakamata mkono! Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na imeagiza kwamba katika wajumbe 7 wa Baraza la Ardhi la Kijiji, wasiopungua 3 wawe wanawake. Akina baba wa UWAKA, kazi hii ni yenu. Ukoo unapokaa kikao baada ya mazishi, mwamini aliyemo ndani ya kikao hicho asinyamaze.

11. Tuutumie mkutano mkuu wa kijiji

Sheria ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002, inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake kuwa hifadhi ya kijiji, kuweka kamati na sheria ndogo, na kunufaika na mapato yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria hizi zinafaa tu pale ambapo wananchi wanazifahamu na kufika mkutanoni. Mwenyekiti akisoma mapato na matumizi, aulizwe kwa heshima: kibali cha kuvuna mkaa kilitolewa na nani, na ushuru uliingia wapi? Swali lililoulizwa na watu arobaini halina hatari kama swali lililoulizwa na mtu mmoja. Tuingie mkutanoni kwa pamoja.

12. Tuwatazame wachoma mkaa kama ndugu

Wengi wao ni vijana wa vigango vyetu, wasio na ardhi. Kuwafukuza msituni bila kuwaonyesha kazi nyingine ni kuwahamishia msitu wa jirani. Kitalu cha miche ni kazi, na vivyo hivyo ufugaji wa nyuki, ambao humfanya kijana awe mlinzi wa msitu kwa faida yake mwenyewe. Fundi wa majiko na fundi wa tofali zisizochomwa watahitajiwa kila kijiji. Naziomba parokia zitumie sehemu ndogo ya mavuno kuwapatia vijana hao vifaa vya kuanzia.

13. Parokia ijichunguze

Tangu sasa napendekeza kwamba katika parokia zetu pasijengwe jengo lolote, liwe kanisa, nyumba ya padri au shule, kabla halmashauri ya walei haijaandika kuni za tofali zitatoka wapi, au kama zitatumika tofali za saruji na udongo zinazoshindiliwa bila kuchomwa. Kila atakayepata Kipaimara na kila wanaofunga ndoa wapande miti, na mwaka unaofuata viongozi wa jumuiya wakague kama iko hai. Kupanda ni kazi ya siku moja. Kutunza ni kazi ya miaka mitatu, maana mbuzi na kiangazi havijui kwamba mche ulibarikiwa.

HITIMISHO

Mtu anaweza kusema, "Mambo haya ni makubwa mno kwa watu wa kijijini." Nawakumbusha mwanamke mmoja wa jirani zetu Wakenya, Wangari Maathai, aliyesomeshwa na watawa Wakatoliki. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya wanawake wa vijijini wakiotesha miche kwa makopo na vyombo vilivyovunjika. Alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, wanawake hao walikuwa wamepanda miti zaidi ya milioni 30. Waliompa tuzo hawakumpa ya kilimo. Walimpa ya amani. Walielewa kile ambacho Tume yenu inakielewa, kwamba watu wanaogombea maji machache na kuni chache wana amani kidogo.

Nami ninaondoka hapa nikiwa bado na deni la yule bibi. Siwezi kumlipa yeye, lakini wajukuu zake wangali wanateka maji palepale. Kama katika kigango chako kuna chemchemi ambayo bado ina miti, basi umekabidhiwa kitu ambacho mimi nilikipoteza. Kilinde kabla hakijawa habari ya kusimuliwa.



MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji chetu, ni chemchemi zipi zimepungua maji tangu tulipokuwa watoto? Ni nini kilibadilika kandokando yake?

2. Kuni za nyumbani kwetu hutoka wapi, na ni nani anayezifuata? Hutumia saa ngapi kwa juma?

3. Je, yuko mjane katika jumuiya yetu aliyezuiwa kupanda miti? Nani kati yetu atakwenda kuzungumza na ukoo, na lini?

4. Kijiji chetu kina msitu uliotengwa kisheria? Kama hakina, ni hatua gani itakayopelekwa kwenye mkutano mkuu ujao?

5. Kanisa, shule au nyumba yoyote ya parokia yetu ilijengwa kwa tofali zilizochomwa kwa miti ya wapi? Tumerudisha nini mahali pale?